Edmund Roberts: balozi, au mfanyabiashara aliyefilisika?

Mama Majora (Mtwara mjini) ameandika:

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba msaada wa wanaojua historia, maana mimi kazi yangu ni kupima vitambaa, karne sizijui kuzipima.

Nina duka la vitambaa karibu na soko kuu hapa Mtwara. Wiki iliyopita aliingia bibi mmoja wa Mikindani, ameshikwa mkono na mjukuu. Kwenye vitenge akapita, kwenye kanga akapita, akaja mpaka mezani: "Mwanangu, amerikani huna?" Nikamshushia jora la pamba nyeupe. Akaishika ncha ya kitambaa, akainusa, kisha akakikwaruza kwa ukucha wa dole gumba. Ukaanguka unga mweupe kwenye meza yangu. "Hii siyo," akasema, "hii imetiwa wanga. Ukiifua mara moja inabaki chandarua." Kumbe alikuwa anataka ile pamba nzito isiyopaushwa, rangi ya tui, yenye vijipunje vya mbegu. Anashonea mito ya sufi, na kitambaa chepesi sufi inapenya.

Usiku nikamsimulia kijana wangu wa kidato cha tatu. Akachukua simu, akaniambia mama, kitambaa kinaitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani, na mwaka 1833 Marekani iliandikiana mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Omani na Unguja, aliyeuandika ni balozi anaitwa Edmund Roberts. Sawa. Nikanyang'anya simu, nikasoma mwenyewe. Nikakuta huyo balozi alikuwa mfanyabiashara aliyepoteza merikebu zake na kuishiwa.

Hapo ndipo kichwa changu kiligoma. Mimi ni mtoto wa wafanyabiashara. Babu yangu alikuwa na jahazi, likipakia chumvi na ng'onda kati ya Lindi na Mikindani. Marehemu baba biashara ilipomwangukia, watu walibadilisha njia ili wasisalimiane naye. Hata ubalozi wa nyumba kumi hakuna aliyemfikiria. Sasa huyu mwenzetu aliyefilisika alipataje kuaminiwa na Rais akaandikiane mikataba na wafalme? Na huo mkataba uliishia Unguja, au ulitufikia na sisi huku Lindi na Mikindani?

Mtu wa Ligula amejibu:

Mama, aliyefilisika ndiye anayeijua biashara vizuri, ameiona mpaka chini ya pipa 😀. Nasubiri wakubwa waje.

Mwalimu Mstaafu (Lindi) amejibu:

Mama Majora, nimefundisha historia zaidi ya miaka thelathini, Masasi na hapa Lindi, na swali kama lako hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza. Wao huuliza mkataba ulisainiwa lini. Ulisainiwa Maskati, mji wa Sayyid kule Omani, tarehe 21 Septemba 1833. Wakishaandika hivyo, daftari linafungwa.

Roberts alizaliwa mwaka 1784 Portsmouth, mji wa bandari katika jimbo la New Hampshire. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, mama akafuata kabla kijana hajakomaa. Aliyemwingiza kwenye biashara ni ami yake, mfanyabiashara aliyekuwa na shughuli zake Buenos Aires. Ami alipokufa, mali ikaja kwa kijana. Akaoa katika ukoo wa Langdon, watu wazito wa Portsmouth. Kwa hiyo mtaji alikuwa nao, jina analo, na wakwe wa kumshika mkono anao. Kilichomwangusha ni bahari. Ilikuwa enzi ya vita vya Napoleon, na merikebu za biashara za Wamarekani zilikuwa zinakamatwa na Wafaransa na Wahispania kama kuku wa njiani. Zake zikaenda moja baada ya nyingine. Ilipofika miaka ya 1820 alikuwa na nyumba iliyojaa watoto na sanduku la fedha lisilo na kitu.

Mwaka 1827 akajaribu bahati ya mwisho: akakodi merikebu iitwayo Mary Ann, akaja nayo Unguja. Sayyid Said hakuwepo. Watu wake waliokuwa wanasimamia biashara pale wakamwekea masharti: uza kwetu, kwa bei yetu, na usubiri mpaka tutakapoamua. Mama, wewe uko Mtwara, mchezo huo unaujua jina lake. Ni kangomba. (Kwa wasio wa kusini: ni mtu kuja kununua korosho zako kwa bakuli kabla msimu haujafunguliwa, kwa bei anayoitaka yeye, kwa sababu anajua una mtoto anadaiwa ada.) Na Roberts alikuwa na shida kweli. Merikebu ya kukodi haikai bure bandarini, kila siku inakula fedha.

Sayyid alipofika, Januari 1828, Roberts hakununa pembeni. Alimwendea, akamweleza yote. Wakaelewana, maana Sayyid naye alikuwa mfanyabiashara kuliko alivyokuwa mfalme, na alimwambia angependa mkataba na nchi yake. Akamwomba pia jambo moja ambalo sisi wa huku lingetugusa: silaha za Marekani, mabomu ya kuwapigia Wareno wa Msumbiji. Fikirini vita hiyo ingepita wapi kama si mlangoni kwetu.

Sasa jibu la swali lako la kwanza. Roberts aliporudi kwao alifanya kile ambacho wafanyabiashara wengi walioumizwa hawakifanyi: aliyaandika yote kwa utulivu, akayapeleka kwa mtu. Mtu huyo ni Levi Woodbury, naye wa Portsmouth, wakati huo seneta. Mwaka 1831 Woodbury akawa waziri wa jeshi la majini chini ya Rais Andrew Jackson. Mwaka huo huo merikebu ya biashara ya Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, ikavamiwa pwani ya Sumatra na mabaharia wakauawa, Washington nzima ikaanza kuuliza nani anaijua Bahari ya Hindi. Woodbury alikuwa na barua mezani. Urafiki na ujirani vilisaidia, sikatai, hata kwao mambo huenda hivyo. Ila bila ile barua, ujirani mtupu usingetosha.

Machi 1832 akaondoka Boston kwenye manowari ya Peacock. Kwenye orodha ya meli aliandikwa karani wa nahodha, ili siri isivuje. Rais amekutuma kwa wafalme watatu, na wewe unalala kwenye kijichumba cha karani.

Kituo cha kwanza cha kazi, nchi ambayo leo ni Vietnam, walimkwamisha. Maofisa wa pale walimtaka ataje vyeo vyake vyote, maana kwao mjumbe asiye na vyeo vingi ni mtu wa kuja hivi hivi. Roberts hakuwa na cheo hata kimoja cha kuringia. Akaanza kuwatajia miji, wilaya, mito na milima ya New Hampshire kana kwamba yote ni vyeo vyake, na karani wa wale maofisa akawa anaandika, anaandika, mpaka karatasi ikamwishia naye hajafika nusu. Mara ya kwanza kulisoma hili nilicheka peke yangu barazani. Ni kama mimi nisimame mbele ya mfalme niseme: ni mimi Bwana wa Mingoyo, Mtama, Nyangao, Ndanda na Masasi, Mlinzi wa Mto Lukuledi, Mwenye Ng'apa na Mnazi Mmoja.

Mkataba pale hakuupata. Siam, ambayo leo ni Thailand, wakaandikiana Machi 1833. Kisha Maskati.

Na hapa ndipo ninapoomba msome wenyewe. Chukueni malalamiko yake ya 1828 myaweke pembeni ya vifungu vya 1833, mtaona ni mtu mmoja anaandika. Hakuna wa kumpangia Mmarekani bei. Ushuru ni asilimia 5, basi, na humo ndani kuna kila kitu, asije mtu na ada ya nanga, ada ya rubani, ada ya leseni. Ushuru unatozwa kwa mzigo ulioshushwa tu. Uliobaki melini bila kuuzwa, ukaondoka na meli, hautozwi. Na chombo kikiingia bandarini kutafuta maji, kukarabatiwa au kuuliza hali ya soko, kisitozwe hata senti. Kuuliza hali ya soko! Mwanadiplomasia wa kusomea asingelikumbuka hilo. Linakumbukwa na mtu aliyewahi kuingia bandarini, akakuta bei imekufa, na bado akadaiwa.

Kwa hiyo, mama, usiulize kama alikuwa balozi au mfanyabiashara aliyefilisika. Ubalozi wake ulitokana na hasara yake.

Kuhusu sisi: mkataba unataja bandari zote za Sayyid, na pwani yake ilihesabiwa hadi Rasi Delgado, ng'ambo kidogo ya Ruvuma. Kwa maandishi, Lindi na Mikindani tumo. Kwa vitendo, merikebu kubwa zilitia nanga Unguja, na kitambaa kikaja huku kwa majahazi.

Mngazija wa Kilwa amejibu:

Mwalimu amesema vizuri ila amewasahau majirani zake wa Kilwa, kama kawaida ya watu wa Lindi 😄. Mnazungumzia kitambaa kilichoingia, hamsemi kilichotoka. Wamarekani hawakuja kugawa nguo. Walifuata pembe, ngozi na sandarusi. Sandarusi ndiyo utomvu wa miti iliyooza zamani, ukachimbwa ardhini kama viazi, ukaenda Salem kuoshwa na kutengenezwa rangi ya kung'arishia samani na magari ya farasi. Ile mbichi, iliyogemwa kwenye mti au kuokotwa juu juu, wazee wanaiita chakazi, haina bei. Wazungu masikio yao yalisikia "jackass", yaani punda, na mpaka kwenye vitabu vyao vya biashara ikaandikwa sandarusi ya punda.

Halafu, Waingereza walipopata mkataba wao mwaka 1839, ushuru ukawa ule ule wa asilimia 5, ila Sayyid alikuwa ameshaerevuka. Akaweka kifungu: pembe na sandarusi za Mrima, yaani pwani ya bara, kuanzia Tangata hadi Kilwa, ni zake, Mwingereza asiguse. Lindi na Mikindani mko kusini ya mstari huo. Mwalimu, mnapaswa kushukuru au kulalamika?

Mama Majora amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma mara mbili, ya pili nikamsomea kijana kwa sauti.

Hapo kwenye kangomba umenichoma. Baba aliangushwa hivyo hivyo, alikopesha watu vitambaa wamlipe kwenye korosho, mtu mmoja mwenye fedha akapita kijijini na bakuli, msimu ulipofunguliwa wadeni wake wote hawana hata debe. Baba hakumwandikia mtu barua. Alikaa barazani.

Lakini nina swali la dukani. Anayekubali kupunguza ushuru anapata kitu. Sayyid alipata nini? Na ikiwa mkataba ndio ulioleta amerikani, mbona bibi anasema mama yake alikuwa anakuta imeandikwa maandishi ya Bombay?

Kijana wa Shangani amejibu:

Samahanini wakubwa, naona mazungumzo matamu lakini kuna kitu kinarukwa. Hizo pembe zilifika pwani juu ya mabega ya nani? Kilwa Kivinje ilikuwa soko la watumwa, Mikindani hapa tunapita kila siku mbele ya jengo ambalo wageni wanaambiwa lilikuwa soko la watumwa. Huo mkataba unasema nini juu ya hilo?

Mwalimu Mstaafu (Lindi) amejibu:

Marahaba Mama Majora. Pole kwa mzee.

Nianze na kijana, kwa sababu amesema kweli. Hausemi kitu. Vifungu tisa, nanga imo, rubani yumo, maharamia wamo, mtumwa hayumo. Waingereza walikuwa wamemfunga Sayyid tangu 1822 asiuze watu kwa mataifa ya Kikristo, Roberts hakuligusa. Alitoka nchi ambayo nusu yake ilikuwa inalima pamba kwa watumwa, na pamba hiyo ndiyo iliyosokotwa Massachusetts ikawa amerikani, ikapandishwa hadi Nyasa, ikarudi na pembe na watu. Nikimsifu Roberts kwa jicho lake la mfanyabiashara, namsifu kwa alichokiona. Hili aliliona pia, akalipita.

Mkilwa, kushukuru au kulalamika inategemea nani alikuwa na kitu cha kuuza. Nakuachia wewe.

Mama, sasa duka. Mkataba haukuileta amerikani, ilikuwa imeshafika. Kati ya Septemba 1832 na Mei 1834 merikebu za kigeni zilizoingia Unguja zilikuwa 41, na 32 kati yake za Wamarekani. Wengi wa wale walikuja bila habari ya karatasi yoyote. Karatasi iliwapa uhakika, na ikawapa konsuli: Richard Waters wa Salem alifika Unguja mwaka 1837, naye mfanyabiashara, akashirikiana vizuri mno na Jairam Shivji aliyekodi forodha (yaani haki ya kukusanya ushuru), mpaka Wamarekani wenzake wa mji mwingine wakaanza kulia kwamba sasa kangomba inafanywa na konsuli wao. Kuhusu Bombay, bibi yuko sahihi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, 1861 hadi 1865, vilikausha pamba, viwanda vya Uingereza na vya Bombay vikaingia kwenye nafasi. Jina likabaki pwani, kitambaa kikabadilisha baba.

Alichopata Sayyid ni wateja, na rafiki asiyekuwa Mwingereza. Ila kuna kifungu kimoja ambacho nadhani kinamweleza kuliko vyote. Rasimu ilisema merikebu ya Marekani ikivunjika kwenye pwani yake, watu wahifadhiwe na gharama zirudishwe na Marekani. Sayyid akakataa. Akataka iandikwe kwamba watakaa na kula kwa gharama yake mpaka wapate njia ya kurudi kwao, kwa kuwa yeye hapokei malipo kwa kumsaidia aliyefikwa na shida. Ndivyo ilivyoandikwa, kifungu cha tano.

Tarehe 21 Septemba 1835, miaka miwili kamili, Roberts alikuwa anarudi Maskati na mkataba uliokwisha kuidhinishwa. Peacock ikapanda mwamba usiku, karibu na kisiwa cha Masirah. Wakatupa baadhi ya mizinga baharini ili meli ielee. Roberts akapanda mashua na ofisa mmoja kijana na mabaharia wachache, wakakata maji siku nne na zaidi bila kivuli, mpaka Maskati, kuomba msaada. Sayyid akatoa meli, maji na chakula. Kifungu alichokidai mwenyewe, akakitimiza kwa vitendo.

Hakufika nyumbani. Aliugua kuhara damu Siam, akafia Macao tarehe 12 Juni 1836, hajatimiza miaka 52. Amezikwa huko huko. Alikuwa anategemea kufika Japani.

Na fadhila ilirudi, ingawa yeye hakuiona. Tarehe 30 Aprili 1840 watu wa New York waliona meli ya Sayyid, Sultana, ikiingia bandarini mwao imechoka, na juu yake mjumbe, Ahmad bin Naaman, mwandishi wa Sayyid. Alishusha kahawa, tende, mazulia, karafuu, ngozi, sandarusi na pembe za ndovu 108. Serikali ya Marekani ikaikarabati Sultana kwenye kiwanda chake cha Brooklyn bila kudai senti. Kabla hajaondoka, Ahmad alichorwa picha, kilemba kichwani, anakuangalia kama mtu anayekusubiri utaje bei.

Mtu wa Ligula amejibu:

Nani anajua, labda katika zile pembe 108 ilikuwemo ya huku kwetu Nanyumbu.

Mama Majora amejibu:

Nimepata jora moja kutoka Dar, limekuja na basi la jana. Bibi wa Mikindani amerudi leo asubuhi. Akanusa, akakwaruza, unga haukuanguka. "Enhe. Hii ndiyo. Nikatie mita sita, na usininyime upana."

Wakati nakata nikamsimulia habari za Roberts, kuanzia Mary Ann mpaka kaburi la Macao. Alisikiliza mpaka mwisho, kimya, huku anahesabu mikono kwenye kitambaa kuhakikisha sijamwibia. Kisha akaniuliza, "Na yeye dhiraa alikuwa anauza shilingi ngapi?"

Mwalimu, unaijua bei?